Kuteremka Mbinga kwa Baiskeli

Leo tuzungumze habari ya likizo. Sisemi ile likizo ya kwenda kijijini kusalimia wazazi na kurudi na debe la maharage, wala ile ya kukaa ndani ya basi kutwa kucha hadi Dar es Salaam. Nazungumzia watu kumi au kumi na wawili wanaokutana alfajiri, kila mmoja na baiskeli yake, wanafunga safari ya siku tano au sita, wanakula njiani, wanalala njiani, kisha wanarudi nyumbani miguu ikiwauma na wakiwa na mengi ya kusimulia.

Najua hapo nimeshampoteza mtu mmoja. Yuko Mbinga sokoni, redio iko juu ya kaunta ya duka, na anamgeukia mwenzake: huyu bwana anasema nini? Baiskeli ndiyo likizo?

Ana haki ya kuuliza. Huku Umatengo, nchi ya milima ya Mbinga, baiskeli ni chombo cha kazi. Mwangalie kijana anayepandisha mlima na Phoenix yake, gunia limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unalisukuma gunia kwa nyuma. Hajaipanda hata kidogo. Ameikokota tangu bondeni, na akifika juu ataiegemeza kwenye kingo ya barabara avute pumzi kabla ya kuanza kilima kinachofuata. Ukimwambia kuna watu wanatoa fedha zao mfukoni ili wapande mlima huo huo kwa baiskeli, bila gunia, bila kumpelekea mtu mzigo, kwa raha zao tu, atakuona unamtania. Na kama baba yake ni wa enzi zile za baiskeli za Swala zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa nchini, atakukumbusha kwamba mtu aliyefanikiwa huiacha baiskeli na kununua pikipiki, na aliyefanikiwa zaidi hununua gari. Sasa nyie mnarudi nyuma?

Ngoja basi nikueleze watu hao ni akina nani.

Kila mwaka, mwezi wa Januari, kundi la watu huondoka Cairo, Misri, kwa baiskeli. Mwezi wa Mei wanakuwa Cape Town. Ni kama kilomita 12,000. Safari hiyo inaitwa Tour d'Afrique, ilianza mwaka 2003, mwanzilishi wake ni Henry Gold na kampuni yake ina makao Toronto, Kanada. Katika kundi kuna mwalimu aliyestaafu, daktari aliyeomba ruhusa ya miezi minne, binti aliyemaliza chuo na hajui aanzie wapi. Wachache sana ni wanamichezo. Mizigo yao inabebwa na lori. Mpishi anatangulia. Katikati ya njia kuna gari lenye chakula cha mchana. Jioni wanakusanyika mbele ya ubao na kiongozi anawaambia kesho ni kilomita ngapi, lami inaishia wapi, maji yanapatikana wapi. Penye njia panda hufungwa utepe ili asipotee mtu. Kazi ya mwenye baiskeli inabaki moja tu, kunyonga.

Na wanapita kwetu. Wanaingia nchini, wanaikata mpaka Mbeya, wanashuka Tukuyu, wanavuka mpaka wa Kasumulu, na hapo, msikilizaji, wanalikuta Ziwa Nyasa. Wanalifuata ziwa hilo kwa siku kadhaa. Wanaoga, wanapumzika, wanakula samaki. Lakini wanalifuata kwa upande wa magharibi, wa Malawi: Karonga, Chitimba, Kande. Jioni wakiwa wamekaa mchangani wanaona ng'ambo milima mirefu imesimama ndani ya maji, rangi ya zambarau. Milima hiyo ni yetu. Hakuna hata mmoja wao anayekanyaga huku.

Ugomvi wetu na Malawi juu ya jina la ziwa na mstari wa mpaka tuwaachie wenyewe wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mimi nasema habari ya baiskeli. Kwa nini upande ule wana makambi ya wageni tangu zamani, na sisi wenye fukwe za Mbamba Bay, Liuli na Lituhi tumekuwa tukiangaliwa kwa mbali?

Jibu la zamani lilikuwa barabara, na lilikuwa jibu la kweli. Waliosafiri kati ya Mbinga na Mbamba Bay miaka ile wanaikumbuka ile njia ya udongo. Mvua zikianza, lori linalala mlimani, na abiria wanalala nalo. Ziwani ulikuwa unategemea meli, MV Songea au MV Iringa, na siku meli ikiharibika unategemea uvumilivu wako. Leo kutoka Songea mpaka Mbinga ni lami. Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, kilomita 66, ni lami. Nyasa imekuwa wilaya inayojitegemea tangu ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ziwani kuna MV Mbeya II ya abiria na mizigo, na Mbamba Bay penyewe Serikali inajenga bandari. Kisingizio cha barabara hakipo tena, angalau kwa kipande hicho.

Sasa twende nayo hiyo njia, tuipande baiskeli kwa maneno.

Anzia Songea. Siku ya kwanza ni ndefu, karibu kilomita mia moja mpaka Mbinga, na mimi ningewagawia watu siku hiyo mara mbili. Hakuna anayewafukuza. Peramiho ipo pembeni tu ya njia, na watawa wa Kibenediktini walioanza pale mwaka 1898 wamejenga kanisa ambalo mtu anayelipita bila kuingia amefanya nusu safari. Halafu Songea mjini kabla hamjaondoka kuna makumbusho ya Maji Maji, pale walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Kikundi kinachotoka Mbeya au Dodoma kikipita hapo bila kusimama, kiongozi wake abadilishwe.

Baada ya hapo ndipo nchi inapoanza kukunjamana. Huu ndio Umatengo. Vilima havikupi nafasi: unashuka, unavuka kijito, unapanda, ukifika juu unaona vingine vitatu mbele. Nyumba za matofali ya kuchoma, migomba, mibuni, kanisa juu ya kilima. Na ubavuni mwa milima hiyo ndipo ilipo kazi ambayo wataalamu wa kilimo wa dunia nzima wanakuja kuipiga picha, ngoro za Wamatengo.

Ukiwa ndani ya gari ngoro unaziona kama mabaka tu mlimani, gari limeshakata kona. Ukiwa juu ya baiskeli, tena unapanda kwa shida, mwendo wako na mwendo wa mtu anayetembea ni mmoja, basi unaziona moja moja. Mteremko mzima umejaa mashimo ya mraba yaliyopangana kama sega la nyuki. Mwishoni mwa masika wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Wanawake huja na majembe, wanachimba katikati ya kila mraba na udongo wanaufunika juu ya majani. Pembeni yanabaki matuta, katikati linabaki shimo. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni badala ya kuteremka na rutuba, na majani yaliyofunikwa yanaoza na kuwa mbolea. Maharage yanatangulia, mahindi yanafuata. Mlima ambao kwingine ungekuwa korongo tupu umelisha watu kwa vizazi na vizazi. Nenda mwezi wa Septemba, maharage yakiwa yameshavunwa, mashimo yako wazi, na mama mwenye shamba hana haraka sana. Mwamkie, mwombe akueleze. Atashangaa kwanza kwamba umekuja kuangalia shimo.

Nikiwa hapo hapo niseme neno juu ya kahawa. Mbinga ni kahawa. Arabika yake inakwenda mbali, na msimu ukiwa mzuri unaujua hata kwa mabati mapya mapaani. Lakini mwendesha baiskeli anayefika kijijini asubuhi yenye baridi ya Umatengo, meno yanagongana, akiomba kahawa, ataletewa chai. Nzuri, ya moto, yenye sukari nyingi, lakini chai. Wakulima wenyewe wengi wanakunywa chai, na kahawa wanaipima kwa kilo kwenye chama cha msingi. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba siku kundi la watu kumi na wawili litakapopigiwa simu kwamba kesho saa nne asubuhi mtakuta kahawa ya shamba hili hili, imekaangwa kwenye chungu, imetwangwa kwenye kinu, pamoja na viazi vya kuchemsha, mwanamke aliyeipika atakuwa amepata kwa vikombe vile bei ambayo hajawahi kuiona kwenye mzani.

Hapo nimegusa jambo ambalo nataka tutulie nalo kidogo, kwa sababu kwangu ndilo kiini cha mazungumzo haya. Watu wakisikia utalii wanafikiria tembo, au hoteli, au Mzungu mwenye kofia. Kwa hiyo wilaya isiyo na tembo wala hoteli kubwa inakaa inasubiri mwekezaji. Kundi la baiskeli halihitaji hivyo vyote. Kwa siku linakwenda kilomita arobaini, hamsini, sitini. Maana yake haliwezi kuruka kijiji. Mtalii wa gari atanywa maji Songea na kula Mbamba Bay, na vijiji vyote vya katikati vitaishia kuona vumbi lake, au siku hizi hata vumbi havilioni. Mwenye baiskeli njaa inamshika kila baada ya saa mbili. Anataka ndizi, karanga, uji, anataka kivuli, anataka mtu wa kumziba pancha.

Lakini sikiliza vizuri, nimesema kundi. Mtu mmoja akitokea ghafla kwa mama lishe, atakula kilichopo na kuondoka. Watu kumi na wawili wakitokea ghafla, chakula hakitoshi, mama anaona aibu, wageni wanakula biskuti. Watu hao hao kumi na wawili wakitangulia kupiga simu jana yake, ni biashara ya siku nzima: kuku wawili wamechinjwa, mchele umenunuliwa duka la jirani, kijana ametumwa kuni, maji yamechotwa. Tofauti yake ni simu moja na mtu wa kuipiga. Huyo mtu ndiye anayekosekana kati ya Mbinga na Nyasa. Baiskeli zipo. Barabara ipo. Vyakula vipo. Hayupo wa kushika msafara: anayejua nani anapika wapi, mtendaji wa kijiji gani apewe taarifa kwamba kuna wageni watalala, gesti ipi ina vyumba vingapi, misheni ipi itapokea watu wakijaa, na fundi yupi ana spoku.

Wenzetu wamelijua hilo. Rwanda wana njia inayofuata Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227, wanaiita Congo Nile Trail. Ukiiangalia, haina ajabu ambayo sisi hatuna: ziwa, vilima, kahawa, wavuvi, watoto wanaokimbia kando ya barabara. Walichofanya ni kuipa jina, kuiwekea vibao, kupanga vituo vya kulala, na kuwafundisha vijana wa vijiji vya njiani kuongoza wageni. Leo mtu anatoka Ulaya na baiskeli yake kwenye sanduku kwa ajili ya njia hiyo tu. Na Septemba 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mambo hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Tour du Rwanda ilianza 1988, na kidogo kidogo nchi ikazoea kuiona baiskeli kama kitu cha kujivunia.

Kuna mfano mwingine wa mbali zaidi ambao unatuhusu kwa sababu ya makaa ya mawe. Ubelgiji kuna jimbo la Limburg. Watu wake waliishi kwa migodi ya makaa mpaka mgodi wa mwisho, wa Zolder, ulipofungwa mwaka 1992. Mhandisi mmoja wa migodi, Hugo Bollen, akabuni utaratibu wa njia za baiskeli ambamo kila makutano yana namba. Huhitaji ramani ndefu: unaandika kwenye karatasi 21, 34, 35, 50, unafuata vibao, umefika. Ulizinduliwa mwaka 1995, ukaenea Ubelgiji, ukaingia Uholanzi, na watu ambao baba zao walichimba makaa wakaanza kuuza kahawa na keki kwa waendesha baiskeli.

Sisi makaa yetu ndiyo kwanza yanachimbwa. Ngaka, hapa Mbinga, malori yanapakia na kuondoka mchana na usiku. Siombei migodi ifungwe, watu wanakula kwayo. Lakini si lazima tungoje makaa yaishe ndipo tukumbuke kwamba kuna ziwa.

Haya, turudi barabarani, tumefika Mbinga, tumelala, asubuhi tunateremka ziwani.

Usidanganywe kwamba zile kilomita 66 ni mteremko mtupu. Kwanza vilima vya Umatengo vinataka haki yao. Lakini ukishavimaliza, nchi inakuachia. Mbinga iko zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita mia tano, na tofauti hiyo barabara inaiteremka kwa kona baada ya kona. Hewa inabadilika usoni. Sweta uliyoivaa alfajiri unaivua, kisha unavua na nyingine. Miti inabadilika, miembe inaanza, mibuni inabaki juu. Halafu kwenye kona moja maji yanatokea, mapana, na unaweza ukadhani ni anga limeshuka.

Hapo ndipo watu wanapovunjika mikono. Niliseme hili kwa kirefu kuliko uzuri wa ziwa, maana uzuri mtauona wenyewe. Baiskeli nyingi za kwetu zina breki za vyuma, zile za Phoenix, zinazobana rimu kwa vipande viwili vya raba. Raba hizo ni ndogo kama kidole gumba. Kwenye mji tambarare zinatosha. Kwenye mteremko wa kilomita kadhaa, ukizibana muda wote kwa woga, rimu inapata moto, raba inalainika, inalika mpaka kwenye chuma, na ukifika kona kali unabana na hakuna kitu. Jua la saa sita likiongeza, tyubu inaweza kupasuka yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Mbinga kundi zima lipite kwa fundi. Raba mpya mbele na nyuma. Cheni ikazwe. Nati za magurudumu zishikwe moja moja. Njiani ubane na kuachia, ubane na kuachia, na kila baada ya kitambo kundi lisimame, kila mtu aguse rimu yake kwa uangalifu, ikiwa inaunguza mnangoja ipoe. Asipande mtu nyuma ya mwenzake. Na nyuma kabisa awepo mfunga msafara, mtu mzima mwenye subira, mwenye pampu, viraka na solusheni, ambaye hampiti mtu yeyote hata kama yule wa mbele yake amesimama kuchuma maua.

Mwenye baiskeli ya gia atacheka katika kupanda. Mwenye Phoenix atashuka na kusukuma, na hakuna aibu. Ila kurudi kwa njia hiyo hiyo, kutoka ziwani kuupanda ukuta ule kwa baiskeli isiyo na gia, mimi simshauri mtu. Na huhitaji kurudi, kwa sababu njia hii ni mzunguko.

Mbamba Bay kaeni siku nzima. Ghuba imezungushiwa vilima na mawe makubwa, mchanga wake ni safi, na samaki mbasa akichomwa jioni na ugali wa muhogo, mtu wa bara ataelewa kwa nini Wanyasa hawana haraka ya kuhama. Lakini ulizeni wavuvi kabla ya kuoga. Kuna sehemu zina kichocho, na midomo ya mito kama Ruhuhu ina mamba. Mvuvi anajua, na hatakuficha. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa zinajipanga majini mpaka usijue ziwa limeishia wapi.

Kutoka hapo mnageukia kaskazini, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Hadi Lituhi ni zaidi ya kilomita mia, na hii si lami. Ni udongo, changarawe, mahali pengine mchanga unaokula tairi nusu. Kwa gari ni adha. Kwa baiskeli ndicho kipande kizuri kuliko vyote, kwa sababu magari ni machache na vijiji vimefuatana. Dagaa wameanikwa, mitumbwi imepinduliwa juani, watoto wanahesabu kwa sauti watu wanaopita. Mvumo wa maji hauwaachi.

Liuli lazima mlale. Ni mji wa misheni ya Anglikana, na ukiingia unaona mawe makubwa yanatokeza majini. Wajerumani waliyaona yanafanana na lile sanamu la Misri la simba mwenye kichwa cha mtu, wakapaita Sphinxhafen. Wenyeji wana jina lao, Pomonda, na wazee watawasimulia jinsi watu walivyojificha kwenye mwamba huo Wangoni walipovamia. Na hapo Liuli ndipo ilipopiganwa moja ya vita za kwanza kabisa za majini za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Sitii chumvi. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, nahodha wake Rhoades, ilikuja kimya kimya na kuikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Ikaanza kupiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, walizoea kunywa pamoja, na habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Akapanda mtumbwi akapiga makasia mpaka kwenye Gwendolen, amekasirika, akitaka kujua rafiki yake ameingiwa na nini. Akaambiwa nchi zao zina vita, na yeye sasa ni mateka.

Kisa kama hicho nchi nyingine wangekijengea sanamu, mgahawa na duka la fulana. Sisi tuna wazee wachache wanaokijua, na mgeni anayepita kwa gari hajui kwamba amepita.

Nasikia mwingine ananiuliza: hao watu kumi na wawili ni akina nani? Wazungu? Wakija, karibu. Kampuni zao zinasikiliza, na ikitokea kwamba upande huu una mpangilio, watavuka. Lakini mimi simfikirii huyo kwanza. Namfikiria mwalimu wa sekondari ya Kigonsera, nesi wa Litembo, karani wa halmashauri, mfanyabiashara wa Songea anayeambiwa na daktari kwamba sukari imepanda na afanye mazoezi. Watanzania wanaopenda kunyonga kwa pamoja wapo. Dar es Salaam kuna UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, ambao umekuwa ukiwatoa watu barabarani kwa msafara na kudai njia za baiskeli. Na kuna Twende Butiama, kundi linalotoka Dar es Salaam kwa baiskeli na kufika Butiama kwa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Oktoba 14. Hao ni Watanzania, wanawake na wanaume, zaidi ya kilomita elfu moja, na njiani wanapanda miti na kusaidia shule. Nani atasema hilo ni jambo la Wazungu?

Tofauti ni kwamba Butiama ni ibada ya uzalendo, ina tarehe yake na sababu yake kubwa. Ninachokitaka mimi Nyasa ni kidogo zaidi na labda kigumu zaidi, watu waende kwa sababu wanapenda kwenda. Bila bango. Bila mgeni rasmi. Mgeni rasmi ana tabia ya kuchelewa, na jua la ziwani halimsubiri.

Na wanawake waende. Nalisema kwa makusudi, maana vijiji vingi bado msichana akipanda baiskeli anageuziwa shingo. Kundi lenye wanawake watano likipita Mbaha au Njambe, wale wasichana wanaochota maji wataangalia kwa namna yao, na sihitaji kuwaeleza wanachofikiria.

Msimu usiwe na ubishi. Mvua zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, wakati huo msiende, mtabeba baiskeli badala ya baiskeli kuwabeba. Juni na Julai juu Umatengo ni baridi kali, na upepo wa kusini unalichafua ziwa. Agosti mwishoni mpaka Oktoba ndio wakati wake. Fedha za kahawa zimeingia, shule nazo zina likizo yao fupi, kuna vumbi lakini hakuna tope.

Limebaki moja, la kutoka Lituhi. Kaskazini zaidi mnaweza kuvuka daraja la Ruhuhu mwende Manda, upande wa Ludewa, lakini hapo Milima ya Livingstone inaingia ziwani moja kwa moja na mbele yake ni boti, si baiskeli. Wanaotaka wanaweza kuligeuza lote: wapakie baiskeli kwenye meli Kyela, washukie Mbamba Bay, waanzie huko. Wengine wote watapanda kutoka Lituhi kwenda Kitai, kilomita themanini na kitu, kufunga mzunguko wa kurudi Songea.

Na kwa kipande hicho nasema wazi, bila kumung'unya: msikinyonge. Hiyo ndiyo njia ya makaa. Malori ni makubwa, yanafuatana, madereva wamechoka, vumbi likitimka dereva wa nyuma haoni kitu, na barabara haina pembeni pa kukimbilia. Tafuteni Fuso pale Lituhi, kubalianeni bei kabla ya kupakia, lazeni baiskeli juu ya magunia na mzifunge vizuri zisichubuane, watu wakae mbele na nyuma. Kitai mnashuka, mnakung'uta vumbi, mnapanda tena baiskeli zenu. Lami ya Songea ni ile pale.